Jella Lepman: Mwanamke Aliyewapelekea Watoto Vitabu Katika Magofu ya Vita

Kila ifikapo Aprili 2, shule, maktaba na wachapishaji katika nchi nyingi huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Hans Christian Andersen, mtunzi mashuhuri wa hadithi wa Denmark. Taasisi inayoratibu maadhimisho hayo, hata hivyo, ni matunda ya juhudi za Jella Lepman, mwandishi wa habari wa Ujerumani ambaye wakutubi wa dunia nzima wanamhesabu kuwa mama wa harakati za kuwapatia watoto vitabu vizuri.

Lepman alizaliwa Stuttgart Mei 15, 1891, katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Akiwa na umri wa miaka 17 tu, alianzisha chumba cha kusomea kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha sigara mjini humo. Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa wageni kutoka mataifa mengine. Chumba hicho kilikuwa jambo dogo, na pengine kingesahaulika kabisa kama kisingekuwa dalili ya kazi aliyokuja kuifanya karibu miaka 40 baadaye.

Mumewe, Gustav Lepman, alifariki dunia mwaka 1922 na kumwachia watoto wawili wa kulea. Mjane huyo wa miaka 31 aliingia katika uandishi wa habari, fani iliyoshikwa na wanaume wakati huo, akapanda hadi kuwa mhariri katika gazeti kubwa la Stuttgart. Aliandika pia kitabu cha watoto na kujihusisha na siasa. Mwaka 1933 Wanazi walitwaa madaraka, naye akapoteza nafasi yake kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Mwaka 1936 alikimbia nchi, akapitia Italia na hatimaye kupata hifadhi Uingereza.

Vita vilipomalizika, Marekani ilimwomba arudi Ujerumani kuwa mshauri wa masuala ya wanawake na vijana katika eneo lililokuwa chini ya jeshi lake. Utawala uliokuwa umeanguka ulikuwa umemfukuza na kuwaua Wayahudi wenzake kwa mamilioni, hivyo hakuna ambaye angemlaumu kama angekataa. Alirudi mwishoni mwa Oktoba 1945 akiwa amevaa sare za jeshi la Marekani.

Miji aliyoikuta ilikuwa vifusi. Watoto walikuwa na njaa, wengi hawakuwa na makazi wala wazazi. Maktaba nyingi zilikuwa zimeteketea, na miongoni mwa vitabu vilivyosalia vilikuwamo vilivyojaa propaganda za utawala ulioanguka. Kizazi kizima kilikuwa kimelelewa kwa miaka 12 bila kuonjeshwa hadithi za mataifa mengine, isipokuwa zile ambazo dola iliziona hazina madhara kwake. Lepman alishikilia kwamba mtoto anahitaji chakula cha akili sambamba na mkate, na kwamba mapatano ya mataifa yaanze kujengwa kwa watoto. Hoja hiyo haikuwa rahisi kuipokea mahali ambapo hata makaa ya kupashia moto vyumba hayakutosha.

Fedha hazikuwapo. Alichokuwa nacho ni kalamu, basi akaziandikia barua nchi 20 kuziomba zitoe vitabu vyao bora vya watoto bila malipo, hasa vyenye picha, kwa kuwa mtoto asiyejua lugha ya kigeni huweza kusoma picha. Nchi alizoziomba, nyingi kati ya hizo, zilikuwa zimetoka tu kupigana na Ujerumani. Ubelgiji, ambayo ilikuwa imevamiwa na Ujerumani mara mbili ndani ya miaka isiyozidi 30, ilikataa. Lepman hakunung'unika. Aliandika tena kueleza kwamba mchango wa nchi iliyoumizwa kiasi hicho ungekuwa na uzito kuliko mwingine wowote, na safari hii Ubelgiji ilikubali, ikatuma vitabu vizuri sana.

Maonesho ya vitabu hivyo yalifunguliwa Munich Julai 1946. Yalifanyika katika jengo la Haus der Kunst, ambalo Wanazi walilijenga na kulifungua mwaka 1937 ili kutukuza sanaa waliyoipenda wao. Kuta hizo hizo sasa zilibeba michoro ya watoto kutoka pande mbalimbali za dunia. Watu walifurika, wakubwa kwa wadogo, na baadaye maonesho yakapelekwa Stuttgart, Frankfurt na Berlin.

Huko Berlin ndiko lilikotokea tukio ambalo huenda linaieleza tabia ya Lepman kuliko vyeo vyake vyote. Watoto walikuja, wakavutiwa na vitabu, kisha wakarudi nyumbani mikono mitupu, maana vilikuwa vya kutazamwa tu. Krismasi ilikuwa inakaribia. Lepman alikaa usiku akatafsiri kwa Kijerumani hadithi ya Ferdinand ya Mmarekani Munro Leaf, inayomhusu fahali anayependa kunusa maua kuliko kupigana, kitabu ambacho Wanazi walikuwa wamekipiga marufuku. Nakala 30,000 zilichapwa kwa karatasi ya magazeti na kugawiwa watoto bure. Zilikuwa hafifu, lakini kila mtoto aliyepata yake aliondoka nayo.

Vitabu vya maonesho vilikuwa msingi wa Maktaba ya Kimataifa ya Vijana, iliyofunguliwa Munich Septemba 14, 1949, baada ya Lepman kuzunguka Marekani kutafuta msaada. Rafu zilikuwa wazi na mtoto alijichagulia kitabu mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika maktaba za Ujerumani wakati huo. Palikuwa na chumba cha kuchorea, mafunzo ya lugha na mijadala ambayo vijana walikosoa vitabu bila kuogopa. Mwandishi Erich Kästner alikuwa rafiki wa kazi hiyo, na kitabu chake kuhusu mkutano wa wanyama, kilichotoka mwaka huo huo, kilizaliwa na wazo la Lepman.

Mwaka 1953 juhudi zake zilizaa Bodi ya Kimataifa ya Vitabu kwa Vijana, iliyoundwa Zürich, Uswisi. Bodi hiyo ilianza kutoa Tuzo ya Hans Christian Andersen mwaka 1956, na imeadhimisha siku ya Aprili 2 tangu mwaka 1967. Miongoni mwa waliowahi kupata tuzo yake ya kuhamasisha usomaji ni Mradi wa Vitabu vya Watoto wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991.

Lepman alistaafu mwaka 1957 na kuhamia Zürich. Kumbukumbu zake alizichapisha mwaka 1964 katika kitabu alichokiita daraja la vitabu vya watoto. Alifariki dunia Oktoba 4, 1970. Maktaba aliyoianzisha ilihamia mwaka 1983 katika kasri la Blutenburg, pembezoni mwa Munich, na watoto bado wanaingia humo kuazima vitabu.