Adrien Atiman, munganga na katekista wa ng'ambo ya ziwa

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma majina ya wale waliojenga kanisa letu. Mimi nimeombwa niandike juu ya mtu ambaye hakukaa Kalemie. Alikaa ng'ambo, Karema, mahali ambapo wafanyabiashara wetu wanavuka hata leo kutafuta mizigo. Lakini maji ni yaleyale, na historia ya Kanisa kwetu haiwezi kutengwa na ya kwao. Ni Kapiteni Storms wa Ubelgiji, mkubwa wa kituo cha Karema, aliyevuka ziwa mwaka 1883 na kufungua Mpala. Na mwaka 1885 vituo hivyo viwili vilitiwa pamoja mikononi mwa Mapadre Weupe.

Adrien Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali sana na mji wa Timbuktu, katika nchi tunayoiita leo Mali. Watu wa huko wanaishi kwa mto kama sisi tunavyoishi kwa ziwa: wanalima maji yanapopwa, wanavua, wanachunga ng'ombe. Alikuwa bado mtoto mdogo alipokamatwa na wezi wa watu. Akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na ngamia, hata akafika Metlili, kusini mwa Aljeria. Na hapo, mwaka 1876, Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha.

Mwaka uleule wa 1876 Mapadre Weupe watatu waliuawa jangwani walipokuwa wakijaribu kufika Timbuktu. Walikuwa wakiitafuta nchi ambayo mtoto Atiman alitolewa kwa nguvu. Wao hawakufika, na yeye hakurudi kuikaa tena.

Wengine wanauliza kama kuwanunua watumwa ili kuwaweka huru hakukuwa ni kuinenepesha biashara ileile. Swali hilo ni la haki, wala si la adui wa Kanisa. Kardinali Lavigerie mwenyewe, aliyelianzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, aliona kwamba fedha za ukombozi hazitaumaliza utumwa kamwe. Ndiyo sababu mwaka 1888 alizunguka Paris, London na Brussels akiwahimiza wakubwa wa Ulaya wakomeshe biashara yenyewe. Lakini kwa mtoto mmoja aliyesimama sokoni Metlili swali lilikuwa jingine kabisa.

Lavigerie alikuwa na wazo ambalo wakati ule liliwashangaza wengi. Alisema kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe, na mgeni atakuwa mwanzilishi tu. Basi watoto waliokombolewa wafundishwe kazi ambayo kila kijiji kitaipokea kwa furaha, nayo ni kazi ya uganga. Wasiwe mapadre, ila walei, wenye mke na nyumba, wakae kati ya watu kama watu. Wasizoeshwe chakula na mavazi ya Ulaya, wasije wakawa wageni kwa ndugu zao. Kwa ajili hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, na vijana wakafuata mafundisho ya uganga katika chuo kikuu cha kisiwa hicho. Atiman alikuwa mmoja wao. Alikaa Malta miaka saba, akasoma mwili wa binadamu, mifupa na mishipa, dawa na kazi ya kisu.

Tupime vizuri jambo hili, sisi ambao watoto wetu wanahangaika kutafuta minerval ya Lubumbashi. Katika mwaka ambao Kongo ya Leopold ilikuwa haijapata hata jina lake, mtoto mweusi aliyeuzwa kama mbuzi alikuwa ameketi darasani akijifunza uganga kwa lugha za Ulaya.

Mwaka 1888 alimaliza masomo. Akapewa njia ya kuja Tanganyika katika msafara wa Askofu Bridoux, na akaja. Hapa ndipo moyo wangu unapokaa kila ninapoyafikiri maisha yake. Kijana wa miaka ishirini na miwili, aliyewahi kutembea katika msafara wa watumwa, sasa anaingia kwa hiari yake katika njia kuu ya watumwa ya Afrika ya Mashariki, toka pwani hadi Tabora na kuendelea, zaidi ya kilometa elfu moja kwa miguu. Mwaka huohuo vita ya Abushiri na Wajerumani ikalipuka pwani. Njiani mtu aliweza kukutana na watu wanaoshuka na minyororo shingoni, na yeye alijua uzito wa safari ile. Angeweza kutafuta maisha kwingine, kwa maana mwenye elimu kama yake hakosi mkate. Katika mwaka 1889 akafika Karema, naye hakuondoka tena.

Hali ya ziwa wakati ule wazee wetu waliisimulia. Ujiji ilikuwa soko la watu, na upande wetu Mtowa ilikuwa kivuko cha misafara ya Manyema. Rumaliza na watu wake walitisha kandokando yote. Kapiteni Joubert alikuwa amefika Mpala mwaka 1887 kuwalinda waliokimbilia misioni kwa bunduki. Na mwishoni mwa 1891 Kapiteni Jacques alijenga ngome karibu na mto Lukuga, ndiyo Albertville, ndiyo Kalemie yetu. Joubert alishika bunduki, Atiman alishika kisu na chupa ya dawa. Wote wawili walioa binti wa nchi na wakafa ziwani. Kwetu jina la Joubert linajulikana kwa kila mtoto wa shule, na la Atiman kwa wachache. Nadhani hiyo si haki.

Tufahamu pia kazi ya munganga wa siku zile ilikuwaje. Dawa zilibebwa vichwani toka pwani kwa miezi. Zikiisha, zimeisha. Kwa homa alitoa kwinini, na alikuwa ameitoa miaka minane kabla Ross hajaonyesha, mwaka 1897, kwamba malaria inachukuliwa na mbu. Ndui, kuhara damu, vidonda vya miguu, mama aliyeshindwa kujifungua, mtu aliyeshikwa na mamba wakati wa kuteka maji: wote walipelekwa kwake, hapakuwa na mwingine wa kupelekewa. Hakudharau mizizi na majani ya wenyeji. Aliyachunguza, akayatumia yale aliyoyaona mema. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, malale yakaingia. Ndugu za Mpala na za Moba wanajua, maana upande wetu vijiji vizima vilibaki mapango. Dawa ya kwanza, atoxyl, ilikuwa ya sumu ya arseniki. Iliwasaidia wengine na kuwapofusha wengine. Kwa munganga mwenye huruma sijui adhabu iliyo kubwa kuliko hiyo, kuwa na wagonjwa wengi mlangoni na kuwa na dawa ya namna ile mkononi.

Naye alikuwa katekista pia, si munganga peke yake. Aliponya na kufundisha sala, akawabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Alimwoa Agnes Wansahira, wa jamaa ya watawala wa Wabende, na kwa ndoa hiyo mgeni wa Niger akawa mkwe wa nchi. Mtoto wao Yosefu alipewa daraja la upadre. Mjukuu wa watu wa Tundurma, aliyezaliwa na baba aliyeuzwa, akasimama altareni Tanganyika.

Watawala walipita mbele yake kama misimu. Alipofika, bendera ya Mjerumani ilikuwa haijasimama ziwani. Ikasimama. Kisha vita vya 1914 vikaja. Mtakumbuka kwamba mashua mbili za Waingereza ziliteremshwa majini hapa kwetu, penye Lukuga, mwezi wa Desemba 1915, na siku ya pili ya Noeli zikaiteka Kingani ya Wajerumani. Munganga wa Karema alikuwa upande ule mwingine wa vita, na wagonjwa wake hawakuwa na upande. Askofu Lechaptois, aliyeongoza Vikariati toka 1891, alifariki mwaka 1917, Atiman akaendelea. Waingereza wakatawala, Atiman akaendelea. Baba Mtakatifu alimheshimu kwa nishani, na mwaka 1946 maisha yake, kama alivyoyaeleza mwenyewe, yalichapishwa katika jarida Tanganyika Notes and Records. Nilipokuwa seminari ndogo tulisomewa habari zake wakati wa chakula cha jioni, nasi tulikuwa tukisikiliza zaidi harufu ya maharagwe. Nimejuta baadaye.

Alipoanza kazi hapakuwa na dawa ya malale; alipokuwa mzee penisilini ilikuwa imefika hata vituo vya mbali. Wagonjwa wake wa mwisho walikuwa wajukuu na vitukuu vya wale wa kwanza.

Adrien Atiman alifariki Karema tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na umri wa miaka karibu tisini, baada ya kuwatumikia watu wa mahali pale miaka sitini na saba. Amezikwa hukohuko, ng'ambo yetu.