Louis Pasteur: Kazi kubwa baada ya kiharusi

Wafugaji wengi wanajua chanjo ya kimeta na ya kichaa cha mbwa. Aliyezianzisha, Mfaransa Louis Pasteur, alizifanyia kazi akiwa tayari amepooza upande mmoja.

Alizaliwa mwaka 1822 mjini Dole, mtoto wa mtengeneza ngozi. Oktoba 19, 1868, akiwa na miaka 45, aliamka jijini Paris akihisi ganzi upande wa kushoto. Hata hivyo alikwenda kwenye kikao cha wanasayansi. Leo tungemwambia aende hospitali saa ileile. Usiku ulimi ukawa mzito, kisha mkono na mguu wa kushoto vikalegea kabisa.

Madaktari walimwekea ruba 16 nyuma ya masikio wamnyonye damu. Hakuna aliyeweza kujua kama angepona, na wengi walimhesabu marehemu. Hata ujenzi wa maabara yake mpya ulisimamishwa, mpaka Mfalme Napoleon wa Tatu alipoagiza uendelee.

Siku hizi damu yenyewe hutoa dalili. Sukari iliyopanda saa za mwanzo, au protini iitwayo CRP inayoongezeka mwili ukipata uvimbe wa ndani, mara nyingi huashiria kupona kwa shida. Watafiti wanachunguza pia nyurofilamenti, vipande vya nyuzi za seli za ubongo vinavyovujia kwenye damu seli hizo zinapoumia. Vikiwa vingi, jeraha ni kubwa. Lakini hakuna kipimo ambacho peke yake kinaweza kuamua kwamba fulani hatatembea tena.

Pasteur alitembea, ingawa kwa kuchechemea, na mkono wa kushoto haukurudi sawasawa. Wiki moja tu baada ya kuanguka alikuwa kitandani akitaja maneno, wenzake wakiyaandika, kuhusu ugonjwa wa viwavi wa hariri. Miezi mitatu baadaye alisafiri kusini mwa Ufaransa kuendelea na utafiti huo.

Mwaka 1881, mbele ya umati kijijini Pouilly-le-Fort, kondoo aliowachanja kimeta walinusurika huku wasiochanjwa wakifa. Julai 1885 aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Pasteur hakuwa daktari, hivyo sindano zilichomwa na daktari Grancher. Mtoto akapona.

Kiharusi kilimrudia mwaka 1887 na kumpunguzia usemi. Alifariki Septemba 28, 1895, karibu miaka 27 baada ya ule usiku wa ruba.