LEWIS CARROLL, MTU WA KIGUGUMIZI ALIYEPENDA MANENO MAGUMU



Kila mwaka mu kalasi zetu kuna kilio kimoja: maneno ya Kifaransa ni magumu, maneno ya vitabu ni marefu, na egzame ya Leta haimhurumii mtu. Wengine wanaandikaka maneno mia moja katika daftari, wanayakariri usiku kucha, na kisha juma moja yote imepotea. Wengine wanaogopa kusoma kwa sauti, sababu wakikwama kwa neno moja tu, kalasi nzima inacheka. Kwa hiyo nimechagua kuwaeleza maisha ya mtu mmoja mwenye ulimi wake mwenyewe ulikuwa unakwama, lakini vitabu vyake vimefundisha watoto wa inchi nyingi kuyapenda maneno makubwa.

Dunia inamjua kwa jina la Lewis Carroll. Jina alilopewa na wazazi ni Charles Lutwidge Dodgson. Alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, ku Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Watoto walikuwa 11, wasichana 7 na wavulana 4. Charles alikuwa wa tatu, na kati ya wavulana njo yeye mkubwa. Mwaka 1843 baba alipewa kanisa lingine kule Croft, upande wa Yorkshire, na jamaa yote ikahama.

Tangu utoto Charles alikuwa na kigugumizi, na ndugu zake wengi vilevile. Tena ugonjwa wa utotoni ulimwacha na sikio la kuume lisilosikia vizuri. Mtu wa namna ile tungefikiri kama atakaa kimya maisha yake yote. Lakini yeye alipata njia ingine, njia ya kuandika. Mwaka 1845, akiwa na miaka 13, alitengeneza gazeti la nyumbani kwa ajili ya wadogo zake, lenye mashairi na picha za kuchekesha. Nyuma ya hilo akatengeneza mengine. Moja liliitwa The Rectory Umbrella, na lingine Mischmasch. Hakukuwa mashine, hata stensili kama yetu haikukuwa. Yote iliandikwa kwa mkono, na wasomaji walikuwa watu wa nyumba. Ndugu wenye kudharau hii bulletin yetu, mufikiri kidogo hapo: mwandishi mkubwa alianzia mu gazeti lenye wasomaji wa nyumba moja.

Mwaka 1846 alipelekwa ku internat ya Rugby, masomo yenye sifa kubwa. Alifaulu sana katika hesabu, lakini hakuikumbuka ile miaka kwa furaha. Januari 1851 aliingia Christ Church, moja ya vyuo vya Oxford. Siku chache tu kisha kufika, habari ikamfuata kama mama yake amekufa. Akarudi kuzika, halafu akarudi ku masomo. Mwaka 1854 alipata daraja la kwanza katika hesabu, na tangu 1855 mpaka 1881 alifundisha hesabu palepale. Mwaka 1861 aliwekwa kuwa shemasi wa kanisa. Hakuendelea mpaka upadri wa Kianglikana, na kigugumizi kinahesabiwa kati ya sababu. Alienda kwa mtaalamu mmoja wa kusema, jina lake James Hunt, lakini kigugumizi hakikuisha kabisa. Hata hivyo alihubiri mara kwa mara, akisimama mbele ya watu na kile kigugumizi chake.

Jina la Lewis Carroll alianza kulitumia mwaka 1856. Alichukua majina yake mawili, Charles na Lutwidge, akayapeleka mu Kilatini, yakawa Carolus na Ludovicus. Kisha akayapindua na kuyarudisha mu Kiingereza. Munaona? Hata jina lake mwenyewe alilichezea.

Sasa tufike ku kitabu chake. Mkubwa wa Christ Church tangu 1855 alikuwa Henry Liddell. Huyu Liddell, pamoja na rafiki yake Robert Scott, njo walitunga diksionere kubwa ya Kigiriki iliyotokea mwaka 1843, na wanafunzi wa Kigiriki wanaitumia hata leo. Alikuwa na mabinti, na mmoja wao aliitwa Alice. Basi yule Alice alikuwa mtoto wa mtu wa diksionere. Lakini hadithi iliyomfanya ajulikane haikutoka mu diksionere ya baba. Ilitoka mu mashua.

Tarehe 4 Julai 1862 Carroll na rafiki yake Robinson Duckworth waliwachukua wasichana watatu, Lorina wa miaka 13, Alice wa miaka 10 na Edith wa miaka 8, wakapiga makasia mu mto kutoka Oxford mpaka Godstow. Njiani aliwatungia hadithi ya msichana mwenye kumfuata sungura mpaka akaanguka mu shimo lake, na chini kule akakuta inchi ambamo nyama wanasema na kila kitu kinaenda kinyume. Alice alimwomba amwandikie. Carroll aliandika yote kwa mkono, akachora picha mwenyewe, akampa Alice kitabu kile katika Novemba 1864. Mwaka 1865 kampuni ya Macmillan ilikitoa, kimeongezwa na kina picha za John Tenniel. Nakala 2.000 za kwanza zilikuwa tayari, lakini Tenniel hakupendezwa na namna picha zilivyochapwa. Carroll, mwenye alikuwa analipa gharama mwenyewe, alikubali zirudishwe na kazi ianzwe upya.

Tuangalie sasa namna maneno magumu yanavyoingia mule. Alice anapoanguka mu shimo, anajiuliza yuko ku latitudo gani na longitudo gani. Maana ya yale maneno hajui hata kidogo, lakini anayaona kuwa makubwa na matamu mdomoni. Sisi wote tunafanyaka vile! Carroll hamkemei. Anamwacha aonje neno kwanza, maana itafuata.

Mahali pengine ndege mmoja, Dodo, anatoa shauri kwa maneno marefu sana. Mtoto wa tai anamkatiza, anasema hafahamu hata nusu, na tena anaona kama Dodo mwenyewe hafahamu. Dodo ni nani? Ni Carroll mwenyewe. Na yule mtoto wa tai ni Edith, mdogo kuliko wote mu mashua. Mwalimu wa Oxford aliandika kitabu ambamo mtoto wa miaka 8 anamuliza mwalimu maana ya maneno yake, na mwalimu anachekwa. Hapo kuna somo kwa upande mbili, kwa mwenye kusema maneno marefu kusudi aonekane, na kwa mwenye kuogopa kuuliza.

Mwisho wa hadithi kuna baraza la kukata maneno. Alice anaona nyama 12 wamekaa kumsaidia jaji, naye anajua neno la kuwaita watu wa kazi ile. Analirudilia mara mbili mara tatu kwa furaha, sababu anafikiri wasichana wachache wa umri wake wanalijua. Kisha kobaye mmoja, ile nyama ndogo yenye tunafugaka nyumbani, anapiga kelele za kushangilia, na watu wa baraza wanamkomesha. Neno lililotumiwa pale ni neno zito la magazeti. Carroll haweki maana sawa vile diksionere. Anaonyesha tu walichofanya: walimtia mu mfuko, kichwa mbele, wakafunga mdomo wa mfuko kwa kamba, wakaukalia. Na Alice anafurahi, sababu lile neno alikuwa amelisoma mara nyingi mu magazeti bila kufahamu. Nani atasahau tena neno lenye kobaye ndani?

Mwishoni mwa 1871 kitabu cha pili kilitokea, Alice anapita ndani ya kioo. Mule kuna shairi lililojaa maneno yenye hayako mu diksionere yoyote, sababu Carroll aliyatunga. Baadaye Alice anakutana na mtu mwenye umbo la yai, Humpty Dumpty, naye anamfasiria neno kwa neno. Anaeleza kama maneno mengine ni kama valizi yenye sehemu mbili: unafunga valizi moja, kumbe ndani kuna maana mbili. Ndiyo maana Kifaransa kinasema mot-valise. Neno moja la lile shairi, chortle, linalounganisha kucheka na kukoroma, leo liko mu diksionere za Kiingereza. Na sisi tunatumia maneno ya valizi bila kujua. Informatike ni valizi ya information na automatique. Chajio, yenye tunaona mu vitabu vya Tanzania, ni valizi ya chakula na jioni.

Krismasi ya 1877 wasichana wawili walimwambia kama hawana la kufanya. Akawatungia mchezo, na mwaka 1879 gazeti la Vanity Fair likautangaza. Unatoka neno moja mpaka lingine kwa kubadili herufi moja kila mara, na kila hatua iwe neno la kweli. Nimejaribu mu Kiswahili: paka, pata, bata, bati. Paka amekuwa bati ya nyumba kwa hatua tatu. Mujaribu na Kifaransa, mutaona diksionere inafunguka yenyewe.

Mwaka 1890 Carroll alitoa Alice ya watoto wadogo kabisa, yenye maneno mepesi na picha za rangi. Ilikuwa kazi nzuri kwa wasiojua kusoma bado. Lakini kitabu kilichoshinda miaka ni kile cha kwanza, chenye maneno magumu yote ndani.

Alikufa tarehe 14 Januari 1898 mu mji wa Guildford, ku nyumba ya dada zake, kwa ugonjwa wa mapafu. Zilibaki siku 13 afikishe miaka 66. Hakuoa. Aliacha kitabu cha kuhesabu barua alizoandika na alizopokea tangu 1861, na namba ya mwisho ilikuwa 98.721. Mtu mwenye maneno yalimkwama mdomoni, muone wingi wa yale yaliyopita mkononi mwake!

Hadithi ya Alice iliingia mu Kifaransa mwaka 1869. Mu Kiswahili iliingia mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kwa hiyo mwenye kupata Kifaransa na Kiswahili anaweza kuziweka pamoja mezani na kusoma ukurasa kwa ukurasa.

Basi ndugu, tushike nini? Mimi naona mambo ine.

Ya kwanza, neno gumu tulikute ndani ya hadithi, si paka mu orodha. Orodha inatupa neno bila nyumba, na neno bila nyumba linakimbia.

Ya pili, tusisimame kwa kila neno. Tuendelee mpaka mwisho wa ukurasa, tukisie maana kwa yale yanayotendeka, halafu njo tufungue diksionere, tuone kama tumekisia vizuri.

Ya tatu, tulitumie neno siku ileile, hata kwa mchezo, sawa vile Alice alivyorudilia neno lake mu baraza.

Ya ine, na hii ni kubwa kuliko zote: mwenzetu akikwama wakati wa kusoma kwa sauti, tusicheke. Mtu akichekwa mara tatu, mara ya ine hanyooshi tena mkono, na maneno yanabaki ndani yake mpaka siku ya egzame. Wale wa ndani ya mashua walimsikiliza mtu wa kigugumizi mpaka mwisho wa hadithi. Wangemcheka njiani, ile hadithi isingefika ku Godstow, wala kwetu.

Ni mimi, kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho.