Mtoto Aliyeitwa Chuma

Kabla reli haijafika Dodoma mwaka 1910, nyanda hizi za kati zilikuwa mapito ya misafara iliyokwenda na kurudi baina ya Tabora na Bagamoyo. Pembe za ndovu zilipita hapa mabegani mwa watu, na watu wenyewe walipitishwa wakiwa bidhaa. Mmoja wa viongozi mashuhuri wa misafara ya zama hizo, ambaye mauti yalimkuta Unguja mwaka 1882, aliyaanza maisha yake akiwa mtoto wa mateka.

Jina lake Chuma, Myao. Mwaka 1861 alikombolewa na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie katika milima ya Shire, akalelewa misheni ya Magomero. Mwaka uliofuata Askofu alifariki, njaa na maradhi vikaingia, na watoto waliokusanywa pale wakajikuta tena hawana pa kuegemea. Mwaka 1864, wakati misheni ile ilipohamia Unguja, Livingstone alimvusha Chuma na mwenzake Wikatani hadi Bombay, akawaacha katika shule ya wamisionari wa Kiskoti. Huko Chuma alipewa chakula, elimu na jina jipya, James. Jamaa hakupewa, wala shule haina uwezo huo.

Mwaka 1866 wakarejea bara. Karibu na Ziwa Nyasa Wikatani aliwapata nduguze, akabaki. Chuma akaendelea na safari. Mwandishi wa makala haya husita hapo kila asomapo habari zao.

Yaliyofuata yanajulikana. Livingstone alifariki kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873, na Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wawili hao walipelekwa Uingereza baada ya maziko kwisha! Mwaka 1876 Chuma alifuatana na Askofu Steere kuwaongoza watumwa waliokombolewa kwenda kujengewa makazi Masasi, na mwaka 1879 akauongoza msafara wa Joseph Thomson, uliorudi pwani mwaka 1880 kwa njia ya Tabora.

Sisi tuliopitia chuoni tunajua tangu utotoni kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa yatima, akalelewa na babu yake, kisha ami yake. Leo Dodoma ina Kijiji cha Matumaini, kilichoanzishwa na watawa wa Kikatoliki mwaka 2002, na kazi yake ni ya kushukuriwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2011, zimeweka utaratibu wa malezi ya watoto wa namna hii. Lakini ofisa wa ustawi wa jamii ampelekaye mtoto makaoni na aandike jaladani jina la kijiji chake, la mjomba wake na la shangazi yake, na nauli ya kumrudisha likizo iwekwe katika makadirio. Wikatani aliwapata nduguze kwa kuwa safari ilimpitisha karibu na kwao. Mtoto wa Kibakwe aliyepelekwa Dar es Salaam hapiti tena Kibakwe.