ALIBEBA MWILI WA MMISIONARI, LAKINI ALIKUWA BADO HAJAMPOKEA YESU



Pengine umepewa karatasi hii uwanjani kwenye mkutano wa Injili, ukaitia mfukoni kwa sababu uliona aibu kuikataa. Pengine ulikuja kusikiliza vyombo tu, ukasimama pembeni na wenzako ukicheka wanaolia. Sawa, karibu. Lakini usiitupe, wala usiwape wauza vitumbua wafungie. Kaa chini ya mnazi dakika kumi, usome habari za mtu mmoja aliyepita kwenye bahari yako hii hii.

Mtu huyo aliitwa Abdullah Susi.

ALIPITA HAPA KWENU

Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, huko Msumbiji. Mwaka 1863 akaanza kibarua kwenye meli za Dr. David Livingstone, yule mmisionari Mskoti aliyepiga vita biashara ya watumwa. Mwaka 1864 akavuka naye bahari mpaka Bombay, India, katika kijimeli kiitwacho Lady Nyassa. Livingstone akaenda zake Uingereza, Susi akabaki akifanya kazi bandarini. Mwenzake Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861, akatiwa shule ya misheni. Chuma akaamini, akabatizwa kule kule Bombay mwaka 1865. Susi hakubatizwa.

Machi 1866 wote wawili walikuwa na Livingstone ndani ya manuari ya Kiingereza iitwayo Penguin, wakafika mlango wa mto Ruvuma. Jirani yako kabisa, kijana wa Msimbati! Walikuja na ngamia 6, nyati 3 na ndama, baghala 2 na punda 4. Walitaka kuwateremsha pale mtoni, lakini mikoko na matope vikawashinda. Wakageuza, wakashukia Mikindani tarehe 24 Machi. Toka hapo wakaanza safari ya kwenda bara kuufuata Ruvuma.

Safari hiyo ilichukua miaka 7. Wengi walitoroka njiani. Wapo waliorudi Unguja na kutoa habari za uongo, eti Livingstone ameuawa. Susi alikuwa naye mpaka mwisho. Alivuka mito, alilala njaa, aliugua homa. Mwaka 1871 Stanley alipofika Ujiji kumtafuta Livingstone, Susi ndiye aliyetoka mbio kumpokea na kumsalimu kwa Kiingereza.

Na Jumapili zilipofika, mara nyingi Livingstone alisoma sala mbele ya watu wake. Susi alikuwepo. Maneno ya Mungu aliyasikia, tena si mara moja.

USIKU ULE KWA CHITAMBO

Mwanzoni mwa Mei 1873 walikuwa kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo inaitwa Zambia. Livingstone alikuwa mgonjwa sana. Usiku wa manane kijana Majwara, aliyekuwa akimlinda mgonjwa, akaja kumwamsha Susi. Wakaingia kibandani na wenzao. Mshumaa ulikuwa unawaka. Wakamkuta mzee amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa amekilaza kwenye mikono yake. Wakadhani anaomba. Wakamgusa, kumbe ameshakuwa baridi. Amekufa akiwa magotini.

Ndugu yangu, fikiri. Susi aliona kwa macho yake mtu aliyekufa akiwa magotini. Unadhani ushuhuda gani mwingine ungezidi huo?

Wakauzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, Mkristo aliyesoma India, akasoma sala ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kama siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti. Kisha Susi na Chuma wakawaongoza wenzao, watu kama 60, wakaubeba kwa miguu mpaka pwani. Karibu na Tabora walikutana na ofisa wa Kiingereza, Cameron, akawashauri wamzike pale pale yaishe. Wakakataa. Mbele wakaambiwa wenyeji hawataki maiti ipite nchini mwao. Wakaifunga kama robota la nguo, wakapita. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Ilikuwa miezi 9 hivi njiani.

Mwili ukapelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma hawakuwepo mazishini! Walilipwa mshahara wao, wakaachwa. Baadaye rafiki mmoja wa Livingstone akawalipia nauli, wakaenda Uingereza kusaidia kutengeneza kitabu cha safari za mwisho za mzee wao. Wakapewa na medali.

SASA NIKUULIZE

Mtu huyu alikuwa ameshakuwa Mkristo? Alitembea na mmisionari miaka 10. Alisikia sala. Aliubeba mwili wa mtumishi wa Mungu nusu ya Afrika. Alifika mpaka nchi ya wazungu. Jibu ni HAPANA. Alikuwa bado hajabatizwa, hajasimama mbele za watu kusema kwamba yeye mwenyewe ni wa Yesu.

Usishangae. Hebu tazama hapa Msimbati. Gesi ya Mnazi Bay inachimbwa karibu na nyumba yako, inakwenda kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Je, kuishi jirani na kisima cha gesi kunawasha jiko lako? Hakuwashi. Mama bado anatafuta kuni. Mpaka bomba liungwe kwako, utaendelea kupulizia moshi.

Ndivyo ilivyo na wokovu. Bibi yako anaweza kuwa mwombaji. Rafiki yako anaweza kuwa ameokoka. Wewe mwenyewe unaweza kuzijua nyimbo zote za kwaya. Hiyo ni jirani ya kisima tu. Wokovu haurithiwi kama mikorosho ya babu.

SIKU ILIPOFIKA

Maisha ya Susi yaliendelea. Mwaka 1879 akaajiriwa tena na Stanley, wakaenda mto Kongo, akiwa msimamizi wa watu katika kazi iliyoanzisha kituo ambacho leo ni mji wa Kinshasa. Chuma yeye alifariki Unguja mwaka 1882. Susi akarudi Unguja, akafanya kazi na misheni ya UMCA, Waanglikana wale wale waliofungua misheni ya Masasi mwaka 1876.

Na mwaka 1886, Susi akabatizwa. Tangu aanze kibarua kwa Livingstone ilikuwa imepita miaka 23. Tangu mzee afe, miaka 13. Akaacha kuitwa Abdullah, akachagua jina jipya: David. Unalikumbuka? Ndilo jina la yule mzee aliyemkuta amepiga magoti kwa Chitambo. Mbegu ilikaa ardhini miaka yote ile, kumbe haikuoza.

Angalia, Livingstone hakuwepo kumsifu. Alikuwa kaburini London. Mwaka 1886 ilibaki Susi na Mungu wake. Miaka 5 baadaye, mwaka 1891, David Susi akafariki Unguja.

INAHITAJIKA NINI BASI?

Vijana wengi wananiuliza, hivi kuokoka na kujiunga na kanisa inatakiwa nini? Hela? Nguo nzuri? Kujua kusoma? Hapana. Sikiliza.

1. Uamue mwenyewe. Asikulazimishe mtu. Wala usibadili dini kwa sababu ya mchumba, au mtumba, au ahadi ya kazi. Mchumba akikuacha utarudi ulikotoka, na hali yako itakuwa mbaya kuliko mwanzo.

2. Utubu. Kutubu si kulia tu mbele ya jukwaa. Ni kuacha. Kama uliiba nyavu za mtu, zirudishe. Kama ni gongo, bangi au uasherati, geuka leo. Hutaweza kwa nguvu zako, Yesu atakuwezesha.

3. Umwamini Yesu na kumkiri. Moyoni na mdomoni, vyote viwili. Yule mwenye siri haendi mbali.

4. Ufundishwe. Usiogope darasa. Misheni ya wakati wa Susi haikumbatiza mtu mzima siku ile ile aliyosema nataka, alifundishwa kwanza. Na kwetu pia kuna mafundisho ya waongofu wapya. Uliza maswali yako yote, hata yale magumu. Imani isiyoulizwa hupeperushwa na upepo wa kusi.

5. Ubatizwe. Sisi Wapentekoste tunabatiza kwa maji mengi, na bahari iko mlangoni pako. Maji hayo hayana dawa ndani yake. Ni ushuhuda kwamba mtu wa kale amezikwa. Kisha umwombe Mungu akujaze Roho Mtakatifu, upate nguvu ya kushinda.

6. Ujiunge na kanisa. Kaa moja likizolewa pembeni peke yake huzimika. Mkristo wa peke yake ni hivyo hivyo. Susi hakubeba ule mzigo peke yake, walikuwa watu kama 60. Na wewe unahitaji wa kukupokea bega ukichoka.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Hapa pwani mtu akiokoka kijiji kizima kinajua kabla jua halijazama. Wenzako watakutania. Nyumbani wanaweza kununa, pengine usiulizwe hata kama umekula. Usijibu kwa matusi. Dini ya wazee wako usiitukane, wazee wako usiwadharau. Kama bado uko chini yao, kaa nao, zungumza kwa heshima, fanya kazi za nyumbani kuliko zamani. Wauone wokovu kwenye ndoo ya maji uliyoteka kabla hawajausikia kwenye mahubiri yako.

USISEME NITANGOJA

Najua shetani anakunong'oneza nini sasa hivi. Anasema, si umeona Susi alingoja miaka 23, na wewe ngoja! Ndugu yangu, dada yangu, Susi alipewa miaka hiyo kwa neema. Wewe nani amekuahidi? Bahari ya Msimbati unaijua. Asubuhi watu wanatoka na mashua wakiimba, jioni wengine hawarudi. Wale waliotoroka safarini na Susi, na wale waliokufa njiani, wangapi walisikia sala zile zile na hawakupata siku ya pili ya kuamua?

Umebeba mengi. Umebeba mizigo ya shamba, vikapu vya samaki, aibu, siri, hasira. Pengine umebeba hata habari za Yesu za kuwasimulia wengine. Yesu mwenyewe umempokea?

Kama uko tayari, ingia ndani, au nenda ufukweni mahali penye utulivu, uombe hivi kwa sauti yako:

Bwana Yesu, ninakuja kwako mimi mwenyewe. Nimekusikia siku nyingi nikapita. Mimi ni mwenye dhambi, ninatubu. Ninaamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Ingia moyoni mwangu leo, unioshe, uniongoze. Nifundishe kuwa wako mchana na usiku. Amina.

Umeomba kwa moyo? Basi karibu nyumbani! Leo hii mwambie mtu mmoja. Kesho rudi mkutanoni, nenda moja kwa moja kwa washauri walio kando ya jukwaa, useme umempokea Yesu. Tafuta Biblia, anza na Yohana sura ya 3, kisha Matendo ya Mitume sura ya 8, uone yule Mhabeshi aliyebatizwa njiani. Jumapili usikae nyumbani. Nenda kwenye kusanyiko la watu waliookoka lililo karibu nawe, uanze mafundisho.

Na kama bado hujaamua, sitakugombeza. Itunze karatasi hii. Au mpe mwenzako, isifie mikononi mwako.

Mungu akubariki sana.