Hermann Muller: Mtaalamu wa nzi aliyekosa pa kutua

Mwezi Agosti mwaka 1939, wataalamu wa elimu ya urithi wa viumbe kutoka pande mbalimbali za dunia walikusanyika mjini Edinburgh, Scotland, kwa mkutano wao wa saba wa kimataifa. Mtu aliyechaguliwa kuuongoza, Mrusi Nikolai Vavilov, hakutokea. Serikali yake haikumruhusu kusafiri.

Mmarekani mmoja ukumbini humo alielewa vyema maana ya kiti hicho kitupu. Hermann Joseph Muller alikuwa amefanya kazi pamoja na Vavilov kwa zaidi ya miaka mitatu, na ni Vavilov aliyemshauri aondoke Moscow kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Siku chache baadaye Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilizuka. Wawili hao hawakuonana tena.

Kijana wa New York

Muller alizaliwa mjini New York tarehe 21 Desemba mwaka 1890, katika familia ya mafundi wa sanamu na mapambo ya shaba. Baba yake alifariki dunia yeye akiwa bado mtoto, na tangu hapo fedha zilikuwa haba nyumbani.

Alipata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Columbia na kuhitimu shahada ya kwanza mwaka 1910. Huko ndiko Thomas Hunt Morgan alikokuwa akifuga nzi wa matunda, wale wadudu wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi, katika chupa za maziwa.

Nzi hao walifaa kwa sababu huzaana upesi. Katika muda wa wiki mbili hivi kizazi kipya huwa kimekamilika, na kasoro ya jicho au ya bawa huonekana waziwazi kupitia kioo cha kukuzia. Morgan na wanafunzi wake walithibitisha kwamba jeni, yaani chembe za urithi, zimepangwa kwenye nyuzi ndogo ndani ya seli ziitwazo kromosomu.

Siri ya bawa lililolika

Mchango mkubwa wa mwanzo wa Muller ulitokana na kitendawili cha mabawa. Kulikuwa na nzi ambao kingo za mabawa yao zilionekana kama zimetafunwa. Jeni yenye kasoro hiyo, mdudu akirithi nakala moja, huharibu bawa. Akirithi nakala mbili, kutoka kwa baba na kwa mama, hufa kabla ya kukomaa.

Kwa hesabu hiyo, katika kila uzao walipaswa kuwapo watoto wenye mabawa mazima, yaani wale ambao hawakurithi kasoro hiyo kabisa. Lakini katika ukoo mmoja hawakuonekana. Kizazi baada ya kizazi, wote walikuwa na mabawa yaliyolika.

Mwaka 1918 Muller alitoa jawabu. Kromosomu ya pili ya jozi hiyo nayo ilibeba jeni nyingine ya mauti. Mdudu aliyerithi nakala mbili za kwanza alikufa, na aliyerithi nakala mbili za pili alikufa vilevile. Waliosalia ni wale tu waliobeba moja ya kila upande, mauti moja ikizuiwa na nyingine.

Wazo hilo lilimpa Muller njia ya kuhifadhi na kuhesabu jeni za mauti, ambazo kwa kawaida hupotea pamoja na anayezibeba. Bila njia hiyo, kazi iliyomletea sifa isingewezekana.

Miale na mabadiliko

Mwaka 1920 alihamia Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Hadi wakati huo wanasayansi walilazimika kungoja jeni ibadilike yenyewe, jambo linalotokea kwa nadra sana. Muller aliamua kutongoja. Aliwapiga nzi kwa miale ya eksirei, akawazalisha na kuchunguza watoto wao.

Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1927, yaliwashangaza wengi. Miale mikali iliongeza kiwango cha mabadiliko ya jeni kwa takriban mara 150. Walizaliwa nzi wa macho meupe, nzi wa mabawa mafupi, na wengi zaidi ambao hawakuzaliwa kabisa.

Jina lake lilivuma, lakini maisha yake hayakutulia. Ndoa yake ya kwanza ilikuwa ikivunjika, alikosana na baadhi ya wenzake, na katika mwaka 1932 alipatwa na unyong'onyevu mkubwa uliokaribia kumtoa uhai. Wakati huohuo, polisi wa upelelezi wa Marekani walimfuatilia kwa kulisaidia gazeti la siri la wanafunzi wa mrengo wa kushoto.

Mwaka huohuo aliondoka Marekani kwenda Berlin.

Kutoka moto hadi moto

Hakukaa sana Ujerumani. Mapema mwaka 1933 Adolf Hitler alishika madaraka, na Muller, ambaye upande wa mama alikuwa na asili ya Kiyahudi na ambaye kisiasa aliegemea ujamaa, aliona kwamba hapakuwa mahali pake. Alikubali mwaliko wa Vavilov na kwenda Leningrad, kisha mwaka 1934 akahamia Moscow.

Vavilov alikuwa msomi mashuhuri wa mimea ya chakula, aliyekusanya mbegu katika mabara mbalimbali na kufika hata Ethiopia. Muller aliamini kwamba nchi inayohubiri usawa ingeipa sayansi nafasi yake.

Imani hiyo ilimpotosha pia. Muller alipinga hadharani ubaguzi wa rangi na wa kitabaka uliotawala harakati za kuchagua wazazi bora nchini Marekani, lakini wazo lenyewe hakuliacha. Mwaka 1936 alimwandikia Joseph Stalin akipendekeza wanawake wapandikizwe, kwa hiari yao, mbegu za wanaume waliodhaniwa kuwa na vipaji. Stalin hakupendezwa. Ni doa ambalo wasifu wake hauwezi kulificha.

Kufikia wakati huo mtaalamu wa kilimo Trofim Lysenko alikuwa amepata masikio ya watawala. Alikana kuwapo kwa jeni na kuahidi mavuno ya haraka. Desemba mwaka 1936 Muller alimpinga hadharani mjini Moscow, mbele ya umati wa wanasayansi na wakulima.

Wengine walilipa kwa damu. Israel Agol na Solomon Levit, Warusi wawili waliowahi kufanya utafiti naye Texas, walikamatwa na kuuawa, wa kwanza mwaka 1937 na wa pili mwaka 1938. Muller aliondoka mwaka 1937 kwa kujitolea katika huduma ya kuongeza damu kwa majeruhi wa vita vya Hispania, sababu ambayo isingewatia marafiki zake mashakani. Kutoka huko alifika Edinburgh.

Vavilov alikamatwa mwezi Agosti mwaka 1940. Alifia gerezani mjini Saratov mwezi Januari mwaka 1943, akiwa amedhoofishwa na njaa, yeye aliyetumia maisha yake kutafuta mbegu za kulisha watu.

Sauti dhidi ya miale

Muller alirejea Marekani mwaka 1940, akiwa na mke wake wa pili, Dorothea Kantorowicz, mkimbizi kutoka Ujerumani. Alipata kazi ya kudumu katika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1945 tu, akiwa na miaka 54. Mwaka uliofuata alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mabomu ya Hiroshima na Nagasaki yalikuwa yameufanya utafiti wake kuwa suala la dunia nzima. Alitumia sifa hiyo kuonya dhidi ya majaribio ya nyuklia na matumizi ya ovyo ya eksirei hospitalini. Mwaka 1948, Lysenko alipopewa ushindi rasmi, Muller alijiuzulu kutoka Akademia ya Sayansi ya Kisovieti.

Lysenko alipoteza nguvu zake katikati ya miaka ya 1960, na Muller aliishi kuliona hilo. Alifariki dunia tarehe 5 Aprili mwaka 1967.

Mbinu zake bado zinatumika. Watafiti wa leo huchunguza jeni za pampu za protoni, ambazo hutengeneza hali ya uchachu katika vyumba vidogo vya seli. Katika buu wa nzi, pampu hizo zikikosekana kwenye tishu itakayokuwa bawa, ujumbe unaopitishwa kati ya seli na seli kupanga umbo la bawa huvurugika.

Mdudu anayezikosa pampu hizo mwilini mwote hufa akiwa mchanga. Kwa hiyo maabara huzihifadhi jeni hizo zenye kasoro kwa kuzioanisha na kromosomu nyingine iliyobeba mauti yake yenyewe, kwa kanuni ileile ambayo Muller aliigundua kwenye mabawa yaliyolika kingo.