Otto Loewi: Ndoto iliyofumbua fumbo la neva

OTTO Loewi, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1873, alikulia katika zama ambazo wanasayansi wengi waliamini kuwa neva huwasiliana kwa umeme pekee.

Akiwa profesa mjini Graz, Austria, aliota jaribio, akaliandika gizani, lakini asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Ndoto iliporejea usiku uliofuata, alikimbilia maabara. Alichochea neva ya moyo wa chura hadi mapigo yakapungua, kisha akautia moyo wa pili majimaji ya ule wa kwanza. Nao ukapunguza mwendo. Mwaka 1921 alitangaza kuwa neva hutuma kemikali.

Alitunukiwa Nobel mwaka 1936 pamoja na Mwingereza Henry Dale. Mwaka 1938 Wanazi walimkamata kwa kuwa Myahudi, wakampokonya fedha za tuzo ndipo wakamwachilia ahame. Alifariki New York mwaka 1961.

Juu ya msingi huo, watafiti waliomfuata walibaini kuwa glutameti huchochea seli za ubongo na GABA huzituliza. Mizani hiyo ikivurugika, kifafa huweza kuzuka. Baadhi ya dawa hukituliza kwa kuipa GABA nguvu. Kifafa, basi, si pepo wala laana.